Shule Iliyoshindwa Kuwa Maskini

"Geuka, mwanangu. Sasa la kushoto," alisema Mwalimu Mkuu Kidawa, akasokota donge jingine la pamba kati ya vidole vyake na kulisukuma taratibu ndani ya sikio la Sikudhani.

Mtoto alitulia. Alikwisha kuzoea. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu bado, na mbele ya darasa Mwalimu Nyange alikuwa amefuta ubao na kusimama na chaki mkononi, akisubiri. Somo la kusoma halikuweza kuanza kabla wasiostahili hawajazibwa masikio. Huo ndio ulikuwa utaratibu, nami nauandika kama ulivyokuwa, kwa sababu wako wasomaji wa nchi nyingine ambako labda mambo hufanywa kwa namna tofauti.

Katika darasa hilo la pili la Shule ya Msingi Tanurini walikaa watoto wa aina mbili. Upande wa dirishani walikaa wenye utepe wa kijani begani. Hao Shirikisho lilikuwa limewathibitisha kuwa maskini, na kwa ajili yao lilikuwa limemleta Mwalimu Nyange na kumlipa mshahara. Upande wa mlangoni walikaa wasio na utepe. Mwalimu wao wa kusoma alipaswa kuletwa na Jimbo. Wajibu huo Jimbo lilikuwa nao. Lilikuwa nao kwa miaka mingi, na lilikuwa limeutunza vizuri, haujapungua hata kidogo.

Tatizo ni kwamba darasa lilikuwa moja, na sauti ya mwalimu haijui kuchagua sikio. Waraka wa Shirikisho ulisema wazi: msaada umfikie mlengwa, na asiyelengwa usimfikie hata kwa bahati mbaya. Mwanzoni waliwageuza wasio na utepe watazame ukuta. Mkaguzi alipokuja akachunguza, akagundua kuwa mtoto hasikii kwa uso. Ukuta ukabaki, na juu yake pamba ikaanza kuletwa. Ilifika kila muhula kwa wakati wake, katika magunia safi yenye muhuri, jambo ambalo vitabu havijawahi kulifanya.

"Tayari?" aliuliza Nyange.

"Tayari. Anza."

"Ba."

"Ba!" walijibu wenye utepe.

"Ta."

"Ta!"

"Tukiunganisha tunapata nini?"

Wenye utepe wakafikiri. Mmoja akatazama dari, mwingine akaomba ruhusa ya kwenda msalani.

"Bata!" ilisema sauti kutoka ukutani.

Alikuwa Sikudhani. Alikuwa bado anautazama ukuta, mgongo umenyooka, wala hakujua kwamba amesema kwa nguvu.

"Mwalimu Mkuu," alinong'ona Nyange, "amejifunza."

"Nimesikia."

"Si tulimziba?"

"Tulimziba. Tuseme alikohoa."

Hawakuwa wakitania. Muhula uliotangulia mkaguzi aliwakuta watoto watatu wa upande wa mlangoni wakisoma maandishi ya kwenye gunia la pamba. Akaandika kwamba maarifa ya Shirikisho yamevuja, akaagiza yarudishwe. Nyange alilazimika kukaa nao akiwafundisha kinyume, mpaka wawili wakarudi pale walipokuwa. Wa tatu alikuwa mkaidi. Hadi leo anasoma, na jina lake limo katika taarifa ya mali zilizopotea.

Kusema kweli, Sikudhani alistahili utepe kuliko wengi. Mama yake, Bi Siwatu, aligonga kokoto machimboni, na baba yake alikuwa amekwenda kutafuta kazi jimbo la pili na kupata huko familia nyingine. Lakini karani wa Shirikisho alipopita kuuliza kama nyumba ina upungufu wowote, Bi Siwatu alimwekea kigoda, akampa maji ya kunywa, akamjibu kama mtu wa Tanurini anavyomjibu mgeni: "Tunashukuru, hatujapungukiwa." Karani akaandika alichoambiwa. Karani mzuri haandiki anachokiona.

*

Wakati wa mapumziko Nyange alimfuata Mwalimu Mkuu ofisini. Ofisi ilikuwa pia stoo ya pamba, hivyo alikaa juu ya gunia. Mkononi alishika Sheria ya Shirikisho, kitabu kinene ambacho shule nyingi hukitumia kuzuia mlango usijifunge kwa upepo.

"Kuna sura humu hatujawahi kuisoma," alisema. "Inaitwa Mpango wa Shule Nzima."

"Inasemaje?"

"Katika kila watoto mia, wakipatikana maskini arobaini, shule yote inahesabiwa kuwa maskini. Misaada yote inaingia chungu kimoja. Mwalimu wa Shirikisho anamfundisha yeyote aliye mbele yake."

Kidawa aliweka kikombe chini. "Na utepe?"

"Unafutwa."

"Na pamba?"

"Pamba haitajwi kabisa."

Wakatazamana kama watu waliosikia habari ya ndugu aliyedhaniwa amekufa.

"Sasa niambie, Nyange. Hapa Tanurini nani si maskini?"

"Kwa macho, simjui. Kwa karatasi, katika watoto wetu mia, tunao thelathini na mmoja tu." Akageuza ukurasa. "Halafu kuna hili la chini, kwa herufi ndogo. Shule ikiomba, inahakikiwa upya, nyumba kwa nyumba. Ikishindwa kufikisha arobaini kabla muhula haujafungwa, mwalimu wa Shirikisho anahamishiwa shule inayostahili."

"Yaani wewe."

"Yaani mimi."

"Kwa hiyo tukishindwa, hata hawa wa utepe wanakukosa."

"Hata hao."

Kidawa alitazama nje, ambako watoto walikuwa wakichokoana masikio kwa vijiti kutoa pamba. Mwalimu huyu alikuwa ameongoza shule kwa miaka mingi bila kuomba kitu, na kwa hilo alikuwa amewahi kupewa cheti. Siku hiyo akaomba.

*

Mhakiki aliletwa kwa gari jipya. Aliitwa Dakta Lwamba, na cheo chake kilikuwa Msimamizi Msaidizi Mwandamizi wa Tathmini Pana ya Mahitaji. Alikuwa mtu mpole mwenye viatu vinavyong'aa, na ningependa msomaji asimchukie, kwa sababu alifanya kila alichoagizwa.

Sheria hutaka mpango wa shule uandikwe na wadau wote kwa pamoja, tena kwa lugha ambayo mzazi anaielewa. Kwa hiyo wazazi waliitwa uwanjani.

"Ndugu wadau!" alianza Dakta Lwamba.

Watu wakageuka kutazama nyuma.

"Wadau hawajafika, mheshimiwa," alisema Mzee Shomvi, mwenyekiti wa kamati ya wazazi. "Tuliopo ni wazazi tu."

"Wazazi ndio wadau."

"Ahaa! Basi tumefika."

"Tumekutana hapa, katika moyo wa ushirikishwaji shirikishi, ili kubainisha mahitaji ya shule kwa kuzingatia ushahidi. Nani ana hitaji?"

"Paa," alisema mtu mmoja.

"Paa si hitaji, ndugu yangu. Paa ni miundombinu. Hitaji ni pengo lililopo kati ya hali halisi na hali tarajiwa."

"Hali halisi, tukikaa darasani tunaona mawingu," alisema Bi Siwatu. "Hali tarajiwa, tusiyaone."

Watu wakacheka. Dakta Lwamba naye akatabasamu, akafungua kalamu. "Vizuri sana, mama. Mna takwimu za uvujaji?"

"Tuna ndoo."

"Ndoo ni chombo. Takwimu ni ndoo iliyoandikwa."

"Basi kaandike, mheshimiwa, zimejipanga palepale darasani. Tena ukienda jifunike kichwa."

Mzee Shomvi aliona mazungumzo yanaelekea pabaya, akauliza kuhusu chaki, kitu ambacho hakijawahi kumuudhi mtu.

"Chaki ya Shirikisho ni ya nyongeza," alieleza Dakta Lwamba kwa upole. "Hatuleti chaki kuziba pengo la chaki ya Jimbo. Huo utakuwa ubadhirifu. Tunaiongeza juu ya chaki iliyopo."

"Iliyopo haipo."

"Basi haiwezi kuongezewa."

"Ikiwepo mtaongeza?"

"Ikiwepo, mzee wangu, tutaongeza hata leo."

Mzee Shomvi alishukuru. Baada ya hapo ulisomwa mpango wenyewe, ambao Dakta Lwamba alikuja nao umekwisha kuandikwa, ili wadau wasichoke. Hakuna aliyeelewa. Kwa kuwa sheria inadai lugha iwe ile inayoeleweka kwa wazazi, na lugha ya mpango haikuruhusiwa kuguswa, ilibidi waguswe wazazi. Walifundishwa maneno yake tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Mwisho Mzee Shomvi alisimama kwa niaba ya wote akasema, "Mheshimiwa, tumeelewa kwamba tunaelewa," naye Dakta Lwamba akaweka tiki.

*

Ilibaki hatua ya nyumba kwa nyumba. Mwalimu Kidawa akazunguka mtaani kumtangulia mgeni.

"Jamani, nawaomba," alisema uani kwa Mzee Shomvi, ambako majirani walikusanyika. "Huyu bwana msimfiche kitu. Mwonyesheni sufuria. Mwonyesheni mnapolala. Hesabu ikifika arobaini, watoto wote watafundishwa. Isipofika, Nyange anaondoka."

"Mwalimu," alisema Mzee Shomvi, "umaskini tunao, hatukatai. Lakini si wa kumtolea mgeni."

"Mzee, ni kazi yake kuuona!"

"Na sisi ni kazi yetu kumkaribisha."

"Bi Siwatu, wewe utanielewa. Sikudhani ana kichwa. Ukimwambia huyu bwana ukweli—"

"Nimkalishe mgeni juu ya gunia, nimwambie ndiyo hali yetu? Hiyo aibu yangu akiondoka nayo ataiweka wapi?"

"Kwenye fomu."

"Unaona sasa."

Hapa lazima nieleze desturi ya Tanurini, maana bila hiyo mambo yaliyofuata yataonekana ya uongo. Watu wa huko hawamruhusu mgeni aone nyumba ikiwa uchi. Akitangazwa mgeni, nyumba huvikwa. Kochi jekundu huletwa kutoka kwa mama anayekodisha vitu vya harusi. Chupa ya chai yenye maua hutoka kwa mke wa fundi cherehani, zulia hutoka kwa kinyozi, na jogoo mkubwa wa Mzee Shomvi huachwa apite mbele ya mlango mara moja, polepole. Kwa kawaida mgeni huwa mmoja na nyumba moja. Haikuwahi kutokea mgeni mmoja akazuru nyumba zote kwa mfululizo.

Lakini watu wa machimboni si wavivu. Nyua zao hupakana, na ua wa makuti hufunguka.

Katika nyumba ya kwanza Dakta Lwamba alikaa kwenye kochi jekundu, akanywa chai, akauliza maswali, akajibiwa kwamba wanashukuru. Katika nyumba ya pili alikaa kwenye kochi jekundu.

"Rangi hii mnaipenda kweli," alisema.

"Tunaipenda, mheshimiwa."

Katika nyumba ya tano alipapasa mto wa kochi, akashangaa. "Mbona lina joto?"

"Ni la kisasa," alisema Mzee Shomvi, aliyekuwa anahema.

Kwa Bi Siwatu hali ilikuwa ngumu kidogo, kwa sababu kochi lilinasa kwenye ua na mguu wake mmoja ukawa bado uko kwa jirani. Bi Siwatu alimpokea mgeni nje, akasimama katikati ya njia.

"Karibu, mheshimiwa! Habari za huko utokako?"

"Nzuri, mama. Naweza kuingia?"

"Karibu sana. Habari za nyumbani?"

"Salama."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Mama mkwe?"

"Mama mkwe... yuko salama pia."

Nyuma ya nyumba kitu kilipasuka na mtu akasema "Taratibu, mtalivunja!"

"Na gari?" aliuliza Bi Siwatu kwa haraka. "Limeamkaje?"

"Gari?"

"Safari ndefu hii, mheshimiwa. Nalo ni kiumbe cha barabarani."

Dakta Lwamba alifikiri kwamba huo ulikuwa utamaduni, akajibu kwamba gari nalo halijambo. Alipoingia, kochi lilikuwa limekaa mahali pake, na jogoo akapita mlangoni akiwa amechoka. Alipopewa chai alikiinua kikombe juu kukitazama.

"Hata ufa wa kikombe unafanana na wa nyumba zile! Mnanunua kwa pamoja?"

"Sisi hapa, mheshimiwa, kila kitu ni kwa pamoja."

"Huo ndio uzalendo," alisema Dakta Lwamba, akaandika. Kisha akauliza swali la fomu, kama kuna siku nyumba hulala bila kula, na Bi Siwatu akacheka kicheko kizuri, kirefu, akamwongezea sukari.

*

Kesho yake matokeo yalisomwa uwanjani.

"Ndugu wadau," alisema Dakta Lwamba, na safari hii hakuna aliyegeuka nyuma. "Katika utumishi wangu sijaona jambo kama hili. Shule yenu iliomba mpango wa kuondoa umaskini. Nimehakiki. Maskini katika mia: hakuna. Mmefikia lengo la mpango kabla mpango haujaanza!"

Alipiga makofi mwenyewe. Kisha akaeleza kwamba Tanurini itaandikwa kuwa Shule ya Mfano wa Ufanisi, kwamba wajumbe kutoka majimbo mengine wataletwa kujifunza, kwamba tepe za kijani zikusanywe zikiwa zimefuliwa, na kwamba Mwalimu Nyange, kwa heshima zote, afungashe.

Mwalimu Kidawa aliwageukia wazazi. Hakupaza sauti, hakuwa na kawaida hiyo.

"Mgeni amefurahi," alisema.

Bi Siwatu alikuwa akitazama miguu yake. Watoto wa utepe walianza kufungua pini za tepe zao, mmoja mmoja, na kumpelekea Nyange, ambaye alizipokea bila kujua aziweke wapi.

Dakta Lwamba akaaga, akaingia garini. Gari halikuondoka. Dereva alikuja kueleza kwamba mafuta yamekwisha, na yalitarajiwa kwisha hapohapo, kwa kuwa ofisini mafuta ya kwenda na mafuta ya kurudi hutoka mafungu mawili. Fungu la kwenda lilikwisha kuidhinishwa. La kurudi lilikuwa bado linasubiri sahihi.

"Ya nani?" aliuliza Nyange.

"Yangu," alisema Dakta Lwamba kwa huzuni. "Na mihuri niliiacha ofisini."

Mzee Shomvi akampa chumba. Na kwa kuwa mgeni bado ni mgeni, usiku ule alikula wali, na mtaa mzima ukalala na uji mwepesi ili wali ule uonekane wa kawaida.

Asubuhi iliyofuata ikawa siku yake ya tatu Tanurini, na wote tunajua mgeni wa siku ya tatu anapewa nini. Kule hawalimi, kwa hiyo hawana jembe la kumpa mtu. Mzee Shomvi alimkabidhi nyundo.

"Ni ya nini, mzee?"

"Ya kwako. Leo si mgeni tena, bwana. Leo ni mwenzetu."

Nadhani Dakta Lwamba aliona aibu kukataa. Mpaka jua linakuwa kali alikuwa ameketi machimboni kando ya Bi Siwatu, viatu vyake vimekuwa vyeupe kwa vumbi, akigonga jiwe ambalo halikutaka kupasuka.

"Kaa imara hapo, tafuta mshipa wa jiwe," Bi Siwatu alimwambia. "Usiliombe. Lipige!"

"Nalipiga, mama."

"Hilo unalibembeleza. Jiwe halisomi cheo, bwana wewe!"

Wanawake wote wakaangua kicheko, na Dakta Lwamba akacheka nao, huku akifyonza kidole. Alipoona malengelenge yanaanza, akaomba ruhusa akachukue chai nyumbani kwa Mzee Shomvi. Haukupita muda wakamwona anarudi mbio, mikono juu.

"Wezi!" alipiga kelele. "Mzee, umeibiwa! Kochi halipo! Chupa haipo! Nimechungulia kwa jirani, nako wamebeba! Mtaa mzima umeibiwa!"

Nyundo zikasimama. Watu wakatazamana. Kumdanganya mgeni ni adabu, lakini kumdanganya mwenzako mnayegonga naye kokoto ni jambo jingine.

"Hatujaibiwa," alisema Mzee Shomvi hatimaye. "Vimerudi kwa wenyewe."

"Wenyewe kina nani?"

"Kochi ni la kukodi. La harusi."

"Lipi kati yale?"

"Lile."

Dakta Lwamba aliketi juu ya rundo la kokoto. Ilionekana anahesabu kitu kichwani, huenda vikombe.

"Kwa hiyo lile joto..." alisema.

"Lilikuwa lako mwenyewe, bwana."

*

Mwalimu Kidawa alipoitwa machimboni alidhani atakutana na hasira. Alimkuta Dakta Lwamba ameinamia mkoba, anapekua.

"Futa tu matokeo yale, mheshimiwa," alisema Kidawa. "Sema ulikosea. Muhula unafungwa kesho jioni."

"Siwezi, mwalimu. Fomu haina kisanduku cha kukosea. Haijawahi kuwa nacho." Akatoa karatasi iliyokunjamana. "Lakini ina kisanduku cha maafa, na baada ya maafa nyumba huhesabiwa upya."

"Maafa gani?"

"Kaya zote za mtaa mmoja kupoteza samani zao zote kwa usiku mmoja. Mimi ni shahidi. Juzi nilizikalia, leo hazipo." Alitazama viganja vyake vilivyochubuka. "Tena kwa maafa, mafuta ya dharura hayahitaji muhuri."

Sijui kama aliyafanya aliyoyafanya kwa ajili ya watoto au kwa ajili ya mafuta. Waliokuwapo nao hawakubaliani. Ninachojua ni kwamba alinyanyuka, akajifuta vumbi, na wakaanza upya nyumba ya kwanza, yeye na Kidawa na Nyange. Nyange alikuwa na begi lake mgongoni tayari.

Safari hii hakuna kochi lililotangulia. Alikaa kwenye ndoo, kwenye magunia, kwenye kizingiti. Aliuliza kwa sauti ya chini kuliko siku ile. Wako waliomjibu kama mtu anavyojibu mwenzake, na mmoja alimfunulia chungu bila kusema lolote. Lakini pia wako waliosimama mlangoni wakasema wanashukuru, hawajapungukiwa, kwa sababu kiburi cha mtu hakivunjiki kwa nyundo moja. Jibu lao liliandikwa hivyo, na baada ya maafa jibu la nyumba halirudiwi mara nyingine.

Jua lilipoanza kushuka Nyange alijumlisha.

"Thelathini na tisa," alisema.

"Rudia," alisema Kidawa.

"Nimerudia."

Nyumba iliyobaki bila kuulizwa ilikuwa moja, ya Bi Siwatu, ambaye alikuwa bado anarudi kutoka machimboni. Wakamsubiri nje. Alipofika aliwakuta watatu wale wamesimama uani kwake, na Sikudhani amekaa kwenye kizingiti anachambua mchicha.

"Unajua tulichokuja kufanya," alisema Kidawa.

"Najua. Nimeambiwa njiani. Imefika ngapi?"

"Umebaki wewe."

Bi Siwatu aliweka nyundo chini. Dakta Lwamba alifungua kalamu, akasoma swali, safari hii akiwa ameinamisha macho kwenye karatasi.

"Je, mama, kuna siku ambazo nyumba hii hu—"

"Ngoja," alisema Bi Siwatu. Alimtazama binti yake, aliyekuwa ameacha kuchambua na kuinua uso. "Endelea na mboga, mama. Hayakuhusu."

Sikudhani akainama tena, lakini mikono yake haikusogea.

Bi Siwatu akamvuta Dakta Lwamba kando, mpaka karibu na ua. "Fomu yako inafungwa lini?"

"Kesho jioni."

"Huyu hajui. Mimi humwambia nimekula machimboni. Ananiamini." Akageuka kutazama kizingitini. "Siwezi kukujibu anasikia."

"Tunaweza kunong'ona, mama."

"Huyu? Huyu anasikia hata usiyosema. Muulize mwalimu wake."

Nyange alitazama pembeni.

"Njoo kesho, akishakwenda shule," alisema Bi Siwatu. "Nitakujibu yote. Hata ambayo fomu yako haikuuliza. Ndani nitakuingiza, utaona mwenyewe." Kisha akamtazama usoni, vumbi la chokaa lilivyomganda mpaka kwenye nyusi. "Wewe mwenyewe umekula leo?"

"Nimekula, mama," alisema Dakta Lwamba, ambaye hakuwa amekula.

Bi Siwatu alimwangalia kwa muda, akatikisa kichwa. Hakumbishia.

Dakta Lwamba akafunga kalamu. Akaikunja karatasi ikiwa na nafasi moja tupu, akairudisha mkobani, akaenda kumsaidia dereva kulisogeza gari kivulini. Nyange alishusha begi mgongoni, lakini hakulifungua.

Mwalimu Kidawa alikuwa wa mwisho kuondoka. Alikwisha kufika njiani Bi Siwatu alipomwita.

"Mwalimu."

"Naam, mama."

"Kesho kengele igongwe mapema."